Nilicheka matatu ikiinua mkia

Kuna video yangu moja ambayo wengi wenu mlinijulia hapo. Ile ya matatu inayoelea. Dakika nne na kitu, mimi na hedifoni zangu nacheka mpaka nakohoa, na kwa skrini kuna nissan ya abiria 14 imeingia kwa maji ya mafuriko. (Tunaita nissan hata ikiwa ni Toyota, msinianzie.) Mkia umeinuka, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure ndani ya maji, halafu gari yote inaanza kwenda kando polepole kama karatasi ya mkate kwa mtaro. Nikasema, "Wasee, hii ni matatu ama ni bata?" Hiyo laini ndiyo ilibeba video. Mpaka leo kuna watu hunisalimia "bata" kwa komenti.

Sasa nataka kuongea kuhusu hiyo video, kwa sababu nilikosea, na si kukosea kidogo.

Gemu yenyewe haikuwa ya kampuni kubwa. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza fomu four juzi tu alikuwa anaiunda peke yake na laptop ya kukopa, akanitumia ujumbe: "Bro, naomba uicheze laivu uniambie ukweli." Ilikuwa ya kuendesha matatu Nairobi. Unabeba watu, unakusanya doo, unakimbizana na mvua. Kitu alichojivunia zaidi ni maji. Aliniandikia aya tatu nzima kuhusu maji. Sikuzisoma. Nilifungua gemu, nikaendesha moja kwa moja mpaka kwa mafuriko, mkia ukainuka, nikajua leo kontenti imejileta.

Halafu nikaweka kosa juu ya kosa. Kuna mahali kwa hiyo video nasema, "Niaminini, mimi nimesoma sivil." Ni kweli nilikuwa chuo nikisomea uinjinia wa sivil, mpaka mwaka wa pili, kisha karo na mambo mengine yakanitoa. Somo la mwendo wa maji ndilo lilikuwa linaanza nilipoacha. Kwa hivyo nilitumia digrii ambayo sina, juu ya somo ambalo sikulisoma, kumchoma kijana ambaye hana digrii lakini alikuwa amelisoma.

Lakini kwa nini niliona ni makosa? Si ujinga wangu peke yangu. Nimelelewa na gemu za magari, na gemu za magari zimenifundisha kitu kimoja kuhusu maji. GTA Vice City ilitoka 2002, na mle ndani Tommy akiguswa na maji marefu anakufa, hajui kuogelea. San Andreas ikaja 2004, CJ akapewa kuogelea, lakini gari ikiingia baharini inazama na hadithi ya hiyo gari imeisha. Gemu nyingi zilizofuata zimekaa hivyo hivyo. Maji ni rangi tu iliyopakwa juu ya shimo. Chini yake kuna mstari usioonekana, na injini ikivuka huo mstari, inazima. Kabla ya mstari uko salama, gari iko na uzito wake wote, tairi zimeshika chini, unapita ukirusha maji kando kama uko kwa tangazo la biashara.

Hata zile zinazojaribu sana huangalia zaidi injini. BeamNG.drive, ile ya kugonga magari mpaka yakunjike kama kopo, inajua injini inavuta hewa kupitia wapi. Maji yakifika hapo, injini inakwama kwa sababu maji hayafinyiki kama hewa, pistoni ikijaribu kuyabana inashindwa. Hiyo ni kweli hata kwa fundi wa mtaani kwenu. SnowRunner ya 2020 inakupa bomba la kuinua mdomo wa hewa mpaka juu ya kebini, na mito yake ina mkondo unaosukuma gari, hapo nawapa heko. Lakini ukishacheza sana, kitu kinachobaki kwa kichwa ni kwamba adui ni injini kunywa maji. Inua bomba, kanyaga moto, pita.

Kwa hivyo nikiona gari ambayo injini yake inanguruma sawasawa, taa zinawaka, na bado imeinua mkia inaenda kando, mimi nilisema hiyo ni hitilafu. Nilisema hivyo mbele yenu.

Aprili 2024. Mnakumbuka ile mvua, sina haja ya kuwasimulia. Nilikuwa natoka kuhosti shindano la gemu, saa tatu usiku, kwa nissan iliyokuwa na watu wanane, dere, na makanga. Makanga alinitambua. "Si wewe ndiye msee wa bata?" Tukacheka, akanirudishia hamsini yangu, nikajiona staa.

Tulipofika pale mto unapopita chini ya barabara, mto ulikuwa umepanda juu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita kutoka kulia kwenda kushoto, si kwa fujo, taratibu tu. Lori la mchanga lilikuwa limetoka kupita mbele yetu. Mathe mmoja aliyekuwa na mtoto akasema, "Dere, rudi, tutazunguka." Dere akasema lori si limepita, na hii ni gari nzito, haiendi popote. Makanga akageuka, akaniangalia mimi, akamwambia yule mathe, "Mama, tulia. Gari si bata."

Na mimi nikacheka. Hapo ndipo huwa narudi nikilala.

Tukaingia. Mita kama kumi za kwanza hakukuwa na shida, kelele tu za maji chini ya miguu. Halafu nikasikia kitu ambacho sijui kama nitakieleza vizuri. Zile kelele za tairi kwa lami, ambazo huwa huzisikii kwa sababu ziko kila wakati, zikanyamaza. Injini ikapandisha sauti. Dere alikuwa amekanyaga moto, injini iko hai, redio inapiga, taa zinawaka, na hatuendi. Viti vya nyuma vikapanda kidogo, kama mtu ameinua gari na jeki, halafu mkia ukaanza kutembea kwenda kushoto wenyewe. Dere akakata stering kulia, akakata kushoto, haikubadilisha chochote. Tumbo langu lilijua kabla ya kichwa. Nilikuwa nishaona hii kitu. Nilikuwa nimeionyesha watu, nikaweka na muziki.

Mkia uligonga nguzo fupi ya zege kando ya barabara, tukakwama hapo tumelala upande. Watu wakapiga kelele, makanga akafungua mlango wa kando ili turuke, na maji yakaingia yote kwa mkupuo. Ajabu ni kwamba hapo ndipo gari ilitulia. Ilikaa chini, tairi zikagusa, ukasikia "duf". Kulikuwa na vijana ng'ambo wenye kamba, wale hutokea kila mahali maji yakifurika, wengine kwa huruma na wengine kwa mia moja. Wakatutupia, tukashuka mmoja mmoja. Yule mathe akaniambia, "We kijana mrefu, nishikie mtoto," nikambeba shingoni. Maji yalikuwa yananifika juu kidogo ya magoti. Nilitarajia yawe kifuani, kwa vile gari nzima ilikuwa imebebwa. Magoti tu.

Hakuna aliyeumia. Nikafika kwa nyumba saa sita, nikatoa viatu, nikafungua simu, nikatafuta zile aya tatu.

Kijana alikuwa ameandika hivi, naweka kwa maneno yangu kwa sababu yeye huandika kama anafukuzwa. Gemu nyingi huuliza maji swali moja: gari imefika mstari ama bado? Yeye aliikata nissan yake kwa visanduku vidogo visivyoonekana, kila kimoja na mahali pake, na mara nyingi kila sekunde gemu inauliza kila kisanduku: wewe uko ndani ya maji kiasi gani? Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kisanduku kikisukuma kando lita 20, maji yanakiinua na nguvu ya kubeba kilo 20, na yanakiinua pale pale kilipo. Ni ile ya Archimedes, mada ya fizikia ya fomu four. Niliikariri, nikaipasi, nikaiacha kwa chumba cha mtihani.

Hiyo "pale pale kilipo" ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Kwa hizi nissan zetu, injini iko chini ya viti vya mbele, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Mbele ni nzito, nyuma ni kasha la bati lenye hewa. Maji yakipanda sawa kila mahali, nyuma ndiyo inaelea kwanza. Na nyuma ikielea, zile tairi zinazokusukuma ndizo zimepoteza ardhi. Injini inaweza kuwa na afya kama ya ndovu, haina cha kukanyaga. Mkia kuinuka ndiyo ilikuwa gemu yenyewe.

Nikachukua kalamu. Nissan kama ile ina urefu wa karibu mita 4.7 na upana wa mita 1.7, tuseme inafunika mita 8 za mraba. Maji yakipita sakafu yake kwa sentimita 10, yamesukumwa kando kama lita 800, yaani kilo 800 za uzito zimeondoka kwa tairi. Gari na sisi kumi ndani haikuzidi sana tani mbili na nusu. Sentimita 30 juu ya sakafu, na sakafu iko kama sentimita 20 kutoka kwa lami, uzito wote umeisha. Sentimita 50. Hayo ndiyo magoti yangu. Na hapo tunaongea gari yote. Mkia ulikuwa umeaga mapema. Kama ingekuwa tupu, ingeelea kwa maji mafupi zaidi.

Kisha kuna msukumo wa kando. Maji yakitembea mita mbili kwa sekunde, kasi ya mtu anayekimbia polepole, yakigonga ubavu wa gari kwa kina cha nusu mita, ni kama uzito wa magunia matano ya mahindi ya kilo 90 umeegemea mlango. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Tairi zikiwa na tani mbili juu yake zinaweza kukataa. Zikiwa na sufuri zinakataa na nini?

Na lile lori? Lori la mchanga lina chesi iliyo wazi, maji yanapita chini kati ya magurudumu, bodi iko juu kabisa, na lilikuwa limebeba. Si kwamba lina nguvu kutushinda. Sisi tulikuwa sanduku lililofungwa, lenyewe ni meza. Mlango ulipofunguliwa tukaacha kuwa sanduku, maji yakawa ndani na nje, gari ikapata uzito tena. Makanga hakujua hilo, alitaka tu kutoka. Na tusidanganyane, kama tungekuwa mbali na ile nguzo, kufungua huo mlango kungekuwa hadithi nyingine.

Nilikumbuka Enziu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya waliokuwa wanaenda harusi, mto Enziu, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo, na sote tuliitazama ile video kwa simu, basi liko katikati ya maji, watu kwa kingo wanapiga mayowe, halafu linalala upande. Tulikaa kwa hosteli tukijadili dereva. Hakuna hata mmoja wetu aliyejadili maji, na tulikuwa chumba kizima cha watu wa uinjinia. Tulisema basi ni nzito, lilitakiwa kupita. Lakini basi lina urefu wa mita kumi na upana wa mita mbili na nusu. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda kwa tumbo lake zinalipunguzia tani mbili na nusu. Ukubwa tuliokuwa tunauamini ndio unaofanya liinuke.

Sasa, sitaki kuanza kuhubiri kwamba kila gemu ifanye hivi. Mimi pia ni mchezaji. Gari kuelea ukiwa na stering mkononi ni kitu cha kuudhi sana, unapoteza bila kujua ulikosea wapi, na mtu amelipia gemu ili stering ifanye kazi. Halafu ni gharama. Kuuliza visanduku 60 maswali kila wakati kwa simu ya elfu kumi na mbili, simu inapata joto kama pasi. Na kuna ugumu mwingine ambao kijana alinieleza baadaye: mawimbi unayoyaona kwa skrini mara nyingi huchorwa na kifaa kimoja, na fizikia hupigwa na kingine, havisikilizani mpaka uvilazimishe. Ndiyo maana unaona gari inaelea hewani juu ya wimbi, ama wimbi linapita katikati ya kebini. Unreal Engine ina njia ya mkato, unaweka nukta chache za kuelea chini ya chombo na zinatosha. Kwa mashua ni sawa. Kwa gari, ambayo inaanza ikiwa imekanyaga chini na kuachia polepole, kile kipande cha kuachia ndicho kigumu, na ndicho wengi huruka.

Kwa hivyo GTA iendelee na mambo yake. Mimi nina shida na gemu inayojiita ya uhalisia, inayokuwekea mto, inayokupa pointi kwa kuuvuka, na ndani yake magurudumu hayaachi chini hata maji yakifika kwa vioo. Hapo umenifundisha kitu. Nimekifanyia mazoezi mara elfu, na mwili wangu umekiamini kuliko mathe mwenye mtoto.

Video ya bata nilikaa nayo wiki tatu kabla ya kuigusa. Nitasema ukweli, ndiyo ilikuwa inalipa kodi. Mwishowe niliiondoa, nikatengeneza nyingine, gemu ile ile, barabara ile ile, bila muziki, nikionyesha mkia unavyoinuka na kwa nini. Haikupata hata robo ya watazamaji. Wengine waliandika "bata" na emoji za kucheka, wakidhani ni sehemu ya pili.

Kijana nilimpigia simu, sikutaka kuandika. Nilikuwa nimejipanga na maneno mengi ya kuomba msamaha, akaniacha nikaongea yote, halafu akasema, "Poa bro, nilishasahau." Hakuwa amesahau, sauti ilisema. Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Lakini, mlango ulipofunguliwa, gari ilichukua muda gani kukaa chini? Mimi niliweka sekunde 40, nilikisia tu."

Nikafunga macho nikahesabu. Mlango ulipofunguka, redioni tangazo la sabuni lilikuwa ndiyo linaanza, na tairi zilipogusa lilikuwa halijaisha. Nikamwambia.

Nikasikia anabonyeza kibodi. "Acha niweke 15."